Mvumo, Mikwaruzo na Sauti Inayochelewa: Kutatua Matatizo ya Kurekodi Nyumbani Unguja na Pemba

Anayerekodi nyumbani akisikia mvumo au mkwaruzo, wazo la mwanzo linalomjia ni kununua: saundikadi (kisanduku kinachounganisha maiki na kompyuta) kubwa zaidi, laptopu nyengine, maikrofoni ya bei. Mara nyingi pesa hiyo hupotea bure, kwa sababu ubovu ulikuwa kwenye chaja, kwenye soketi isiyo na ethi (waya wa ardhini), kwenye waya wa USB au kwenye draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kutumia kifaa. Saundikadi ndogo za siku hizi hurekodi kwa biti 24, na usafi wake unatosha kabisa kwa kazi ya kutoa hadharani. Ndiyo maana hapa tunaanzia kwenye dalili. Habari ya kununua inakuja pale tu dalili inapoonesha kwamba kifaa chenyewe ndicho kilichoshindwa.

Kabla ya lolote, fanya vipimo vitatu. Vaa hedifoni, fungua traki moja, weka geini (kiwango cha kukuza sauti) pale pale unaporekodia siku zote, kisha rekodi sekunde 30 za kimya. Halafu chomoa chaja ya laptopu ukutani, iache itumie betri, urekodi sekunde 30 nyengine. Mwisho chomoa maikrofoni kwenye saundikadi, geini usiiguse, urekodi mara ya tatu. Kelele ikiondoka ulipochomoa chaja, shida ni ya umeme. Ikiondoka ulipochomoa maikrofoni, shida ni chumba, waya wa maiki au maiki yenyewe. Ikibaki hata hapo, inatoka kwenye saundikadi, kwenye USB au ndani ya kompyuta. Na katika yote yanayofuata, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha viwili kwa pamoja hutajua kipi kilichosaidia, na kesho kelele ikirudi utaanza upya.

Mvumo mzito usiokoma, au mlio mwembamba kama wa mbu

Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Mvumo unaotokana na ethi mbovu husikika kwenye hezi 50 na kwenye marudufu yake, 100 na 150, kwa hiyo ni sauti nzito ya "uuuu" isiyobadilika. Mlio mwembamba ni jambo jengine: ukisogeza kipanya au ukivuta ukurasa kwenye skrini na mlio ukabadilika, hiyo ni kelele ya umeme wa ndani ya laptopu inayopenya kupitia USB, au ya chaja inayokata na kuunganisha umeme kwa kasi kubwa.

Chanzo kikubwa majumbani mwetu ni ethi. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zimetiwa umeme kwa awamu, waya mpya juu ya waya wa zamani, na soketi ya matundu matatu ukutani si ushahidi kwamba tundu la juu limeunganishwa na chochote. Hata pale lilipounganishwa, nondo ya shaba iliyochimbiwa kwenye ardhi ya uwanda, yenye mawe ya matumbawe na iliyokauka wakati wa kaskazi, haipitishi umeme vizuri kama iliyochimbiwa kwenye udongo wenye unyevu. Juu ya hayo kuna chaja za plagi ya pini mbili za mviringo: mtu husukuma kalamu kwenye tundu la juu ili vifuniko vifunguke, kisha huichomeka kwa nguvu. Laptopu inachaji, lakini chaja hiyo haijagusa ethi hata kidogo.

Dalili yake unaweza kuihisi kwa mkono. Pitisha kidole polepole juu ya kifuniko cha laptopu cha bati huku umesimama peku kwenye sakafu ya saruji. Ukihisi kama kitu kinachonyota au kinatetema chini ya ngozi, ethi haipo. Ndani ya chaja mna vipasita vidogo vya kuchuja kelele, kimoja kwa waya wa moto na kimoja kwa nyutro, na ethi ikikosekana vinagawana umeme na kuiacha bodi ya laptopu ikielea kwenye karibu nusu ya volti za ukutani. Mkondo wenyewe ni mdogo sana, lakini unaingia moja kwa moja kwenye saundikadi kupitia ganda la USB, na kutoka hapo kwenye waya wa gitaa au wa udi wenye pikapu. Mvumo ukipungua kila unaposhika nyuzi, huenda hiyo ndiyo sababu.

Mwite fundi wa umeme mwenye mita ya volti. Kati ya waya wa moto na nyutro apate karibu 230. Kati ya moto na ethi apate karibu hiyo hiyo. Kati ya nyutro na ethi apate volti chache tu. Akipata namba inayoyumba kati ya moto na ethi, au inayoelea katikati, ethi imekatika au haikuwahi kuwepo, na nondo mpya iliyochimbiwa vizuri ndiyo dawa. Ni kazi ya fundi, usiijaribu mwenyewe. Na kamwe usikate pini ya ethi kwenye plagi ili kuondoa mvumo, hata kama utamwona mtu akifanya hivyo na mvumo ukaondoka kweli. Mwimbaji anashika maikrofoni ya chuma karibu na mdomo. Hiyo pini ndiyo inayomlinda.

Wakati unasubiri fundi, rekodi kwa betri. Saundikadi inayochukua umeme wake kwenye USB, pamoja na laptopu iliyochomolewa ukutani, haina tena njia ya kuungana na umeme wa nyumba. Hiyo peke yake huondoa mvumo katika vyumba vingi, na ni sababu moja kubwa ya kuchagua saundikadi ya aina hiyo badala ya ile yenye adapta yake.

Mvumo ukiwa haupo kwa betri lakini ukaja pale chaja na spika za studio zinapochomekwa kwa pamoja, una mzunguko wa ethi: laptopu na spika zimefika ardhini kwa njia mbili tofauti. Chomeka vyote kwenye kebo moja ya soketi nyingi kutoka soketi moja ya ukutani. Kisha badilisha waya za spika ziwe za jeki yenye mistari miwili myeusi, yaani TRS, ikiwa spika zako zinazikubali. Kwa kinanda chenye adapta yake, weka kisanduku cha DI (cha kuunganisha ala na saundikadi) katikati na ubonyeze suwichi yake ya kuinua ethi. Hiyo ni salama, kwa sababu inakata ganda la waya wa sauti tu, si ethi ya umeme.

Vitu vidogo navyo vina mchango: waya wa maiki uliolala sambamba na waya wa umeme chini ya zulia, rigyuleta ya feni ya dari, simu iliyowekwa juu ya saundikadi. Waya zikilazimika kukutana, zipitane kwa msalaba.

Sauti inakatika "pap, pap" au inakwaruza katikati ya rekodi

Hapa kompyuta haikuwahi. Sauti huingia kwa mafungu, na kila fungu lina muda wake wa kushughulikiwa. Ukubwa wa fungu ndio bafa. Kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, bafa ya 128 ni milisekunde 2.7, 256 ni 5.3, 512 ni 10.7 na 1024 ni 21.3. Kitu chochote kikiishikilia prosesa kupita muda huo, hata mara moja, unasikia "pap".

Ongeza bafa hadi 512 kwanza. Mikwaruzo ikiisha, laptopu yako si mbovu, imezidiwa tu: rekodi kwa bafa ndogo traki zikiwa hazina plagini nzito (programu ndogo za kubadili sauti), kisha panda 1024 wakati wa kuchanganya. Mikwaruzo ikibaki hata kwa 1024 huku kipimo cha prosesa ndani ya programu kikiwa chini, mkosaji ni draiva fulani inayoishikilia mashine. Pakua LatencyMon, programu inayopima ucheleweshaji wa draiva, iache ifanye kazi dakika kumi huku muziki ukipiga, kisha tazama jina la faili lililo juu. Ukiona ndis.sys, ni mtandao: zima Wi-Fi na Bluetooth unaporekodi. Ukiona nvlddmkm.sys, ni draiva ya kadi ya picha ya Nvidia, isasishe. Ukiona ACPI.sys, ni usimamizi wa umeme na betri. Wako wanaoshauri kuizima draiva ya betri kabisa. Kwetu si ushauri mzuri, kwa sababu kialama cha asilimia ya betri hupotea na umeme ukikatika hutajua umebakiwa na muda gani.

Baada ya hapo rekebisha umeme wa Windows. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika powercfg.cpl, uchague mpango wa utendaji wa juu. Ndani ya mipangilio ya kina, kiwango cha chini cha prosesa kiwe asilimia 100, na ile ruhusa ya kulaza vifaa vya USB izimwe. Laptopu nyengine mpya huonesha mpango mmoja tu. Hapo ingia kwenye mipangilio ya betri usogeze hadi utendaji bora. Kisha iambie programu ya kuzuia virusi isikague folda unayorekodia.

Joto ni sababu nyengine inayosahaulika. Prosesa ikikaribia nyuzi 95 hadi 100 hujipunguza kasi yenyewe, na mikwaruzo huanza dakika ya 20 au 30, si mwanzoni. Hiyo ndiyo alama yake: kazi inaanza vizuri, inaharibika kadiri muda unavyokwenda. Katika chumba kisicho na AC mwezi wa Januari, laptopu iliyowekwa juu ya kitanda haina pa kupumulia. Iinue kwa vitabu viwili pembeni, mpe fundi asafishe vumbi kwenye feni na abadilishe pesti ya prosesa, ambayo baada ya miaka kadhaa hukauka kama chaki.

Na kuna programu zilizovunjwa kufuli, zinazopita kutoka fleshi moja hadi nyengine. Nyingi huja na virusi vinavyokula prosesa kimyakimya, na nyengine huzimisha masasisho. Reaper, programu ya kurekodi, inaruhusu kujaribu siku 60 bila kufungwa, na leseni yake ya bei nafuu ni dola 60. Ni nyepesi kuliko nyingi na hufanya kazi vizuri kwenye laptopu za zamani.

Kama umefanya yote haya na bado inakatika, hapo sasa sema laptopu imeshindwa. Angalia namba ya prosesa kwa kuandika msinfo32. Kati ya Intel za kizazi cha 7 na cha 8 pana hatua kubwa: i5-7200U ina kori 2, i5-8250U ina kori 4. Kwa kurekodi, hatua hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya i5 na i7 za kizazi kimoja. Vilevile Windows 11 kwa upande wa Intel huanzia, kwa ujumla, kizazi cha 8, na Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Laptopu ya kizazi cha 6 au 7 inayouzwa leo kwa bei ya kuvutia ina kasoro hizo mbili kwa pamoja.

Unaimba sasa, unajisikia baadaye

Sauti inaingia, inapita bafa, inatoka, inapita bafa tena. Kwa hiyo zile milisekunde 10.7 za bafa ya 512 zinakuwa zaidi ya 21 kwa kwenda na kurudi. Sauti hewani husafiri takriban sentimita 34 kwa milisekunde moja, kwa hiyo ni sawa na kujisikiliza kwenye spika iliyo umbali wa mita 7. Mwimbaji anaburuta, mpiga dumbaki anakosa pigo.

Tazama saundikadi yako: kama ina kitufe au kirungu kilichoandikwa DIRECT, kibonyeze, kisha zima usikilizaji wa traki ndani ya programu. Sauti yako itafika kwenye hedifoni bila kupitia kompyuta. Ukisahau kuzima ule wa ndani utajisikia mara mbili, kama mwangwi mfupi.

Kwa anayetaka kusikia athari za programu wakati anaimba, kila kitu kinategemea draiva. Kwenye Windows lazima uchague ASIO, aina ya draiva ya sauti isiyochelewesha, ya kampuni iliyotengeneza saundikadi, si draiva ya kawaida ya Windows. Hapa ndipo vifaa vya bei ya chini vinapotofautiana kweli. Behringer UMC22 hutegemea ASIO4ALL, ambayo ni draiva ya jumla tu. UMC202HD ya kampuni hiyo hiyo ina draiva yake yenyewe na matundu mawili ya maiki. Kwa sura zinafanana, dukani huwekwa rafu moja, lakini ya pili inastahili nyongeza ya bei. Focusrite Scarlett, MOTU M2, Audient iD14 na SSL 2 nazo zina draiva zao. Mac haihitaji ASIO. Ina mfumo wake.

Saundikadi haionekani, au inapotea katikati ya kazi

Badilisha waya wa USB kabla ya kingine chochote. Baadhi ya waya zinazouzwa kwa ajili ya simu hupitisha umeme wa kuchajia tu, hazina nyuzi za data: taa ya saundikadi itawaka na kompyuta haitaona kitu. Chagua waya mfupi, usiozidi mita 2.

Kisha ondoa habu, yaani kigawanyo cha matundu ya USB. Tundu la USB 2.0 hutoa milliampia 500, la USB 3.0 hutoa 900. Saundikadi yenye maiki mbili za kondensa na 48V (umeme wa kuzilisha maiki hizo) imewashwa inaweza kukaribia kikomo cha tundu la 2.0, na ikigawana habu na kipanya, kibodi na fleshi, inakufa pale pale unapobonyeza 48V. Ukiona inapotea wakati huo tu, ni umeme hautoshi. Hamishia kwenye tundu jengine lililo kwenye mwili wa laptopu.

Hewa ya bahari nayo ina lake. Kwa anayekaa Forodhani, Malindi au Mkoani, matundu ya USB na pini za XLR (plagi ya maiki yenye pini tatu) hufanya utando wa kijani au mweupe. Zima vifaa vyote, lowesha brashi laini kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 na zaidi, sugua, acha ikauke kabisa. Usitumie spiriti ya rangi ya kuwashia jiko, inaacha utando mwengine.

Sauti ni ndogo mno, na ukiikuza inakuja "shhh"

Kosa lililoenea kuliko yote ni maiki ya karaoke yenye waya wa jeki nene ya milimita 6.3. Tundu la mchanganyiko kwenye saundikadi linapokea XLR na jeki, lakini priampu ya maiki, inayoikuza sauti yake, iko kwenye XLR peke yake. Jeki inapelekwa kwenye njia ya kinanda au gitaa, ambayo inategemea sauti kubwa zaidi. Unakuza geini hadi mwisho na unapata minong'ono. Nunua waya wa XLR pande zote mbili, shida imekwisha.

Kama tayari unatumia XLR: kondensa inataka 48V, dainamiki haiitaki. Maiki za dainamiki zina sauti ndogo kwa asili. Shure SM7B, ambayo wengi huitamani kwa kuiona kwenye video, inahitaji geini ya angalau desibeli 60. Scarlett 2i2 ya kizazi cha 3 ina geini ya desibeli 56, ya kizazi cha 4 ina 69. Kwa hiyo mtu mmoja atakuambia maiki hiyo ni nzuri na mwengine atakuambia imekufa, na wote wawili wanasema kweli. Kwa sauti ya mwimbaji wa karibu, SM58 kwa umbali wa vidole vinne inatosha.

Geini iwekwe hivi: mwimbaji aimbe sehemu yake ya nguvu kuliko zote, vilele vifike karibu na desibeli -12, basi. Kwa biti 24 hakuna sababu ya kukaribia 0. Sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi haiponi.

Kondensa inatoa milio ya kupasuka-pasuka wakati wa masika

Ni unyevu. Ndani ya kondensa mna utando mwembamba wenye chaji ya umeme, na hewa nzito ya Machi hadi Mei inaipa chaji hiyo njia ya kuponyoka. Unasikia "tk, tk" bila mpangilio, hata chumba kikiwa kimya. Usiifungue. Iweke kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana pamoja na vifuko vya silika kwa usiku mzima. Kesho itakuwa sawa. Hifadhi yake ya kudumu iwe humo humo, na vifuko vikaushwe kila baada ya wiki chache. Ukiitoa chumba chenye AC kali kwenda barazani, iache ndani ya mfuko wake ipate joto kwa nusu saa, la sivyo umande utajikusanya juu ya utando. Kwa nyumba isiyo na hifadhi kavu, dainamiki ni chaguo la busara zaidi, na si duni.

Sauti imepanda, au inavutwa kwenye noti zisizo zake

Biti, yaani mdundo wa kuimbia, iliyotengenezwa kwa sampuli 44,100 kwa sekunde ikifunguliwa kwenye mradi wa 48,000 bila kubadilishwa, itakwenda mbio na kupanda karibu nusutoni moja na nusu. Ukiona wimbo umepanda kiasi hicho, usiguse plagini yoyote. Linganisha namba hizo kwenye programu, kwenye paneli ya saundikadi na kwenye faili, zote ziwe moja. Chagua 48,000 kwa video au 44,100 kwa muziki mtupu, kisha usibadilishe katikati ya kazi.

Jambo la pili linaumiza taarabu khasa. Plagini ya kurekebisha sauti imepangwa kwa noti 12 za kinanda cha kizungu. Ukimpitishia mwimbaji wa maqam (mfumo wa noti wa Kiarabu) ya bayati au rasti, ile robotoni aliyoikusudia inavutwa juu au chini hadi noti ya jirani, na wimbo unapoteza roho yake. Mpiga kanuni amekaa akirekebisha visuwichi vidogo pembeni mwa nyuzi 78 ili apate noti ile ile, halafu kompyuta inaifuta. Izime plagini kabisa kwenye nyimbo hizo, au itoe noti hiyo kwenye orodha ya zinazorekebishwa. Kinanda cha kuandamana nacho kishushwe noti hiyo kwa senti 50, yaani robotoni, kisha sikio la fidla liamue zaidi au pungufu.

Na ukirekodi kikundi, hesabu matundu kabla ya kununua. Siti binti Saad na wenzake walirekodi santuri zao Bombay mwaka 1928 wakipiga kwa pamoja, na taarabu bado hupendeza hivyo. Saundikadi ya maiki moja kama Scarlett Solo haiwezi. Mbili zinatosha kwa udi na mwimbaji. Kwa udi, fidla, kanuni na dumbaki unataka nne au nane. Maiki mbili zikiwa karibu, umbali kati yake uwe mara tatu ya umbali wa kila moja na chombo chake, vyenginevyo sauti zitakatana na udi utasikika mwembamba.

Chumba kinarudisha sauti

Kuta za mawe na chokaa, sakafu ya saruji: mwangwi wa aina hiyo hauondoki kwa mkeka. Kinachofanya kazi ni uzito na unene. Simamisha godoro la sufi nyuma ya mwimbaji, si nyuma ya maiki, maana maiki inatazama upande huo. Ongeza jengine pembeni. Adhana haiondolewi na plagini, na wakati wake unajulikana. Panga kazi kuuzunguka, na utumie muda huo kuhifadhi faili. Mvua kwenye bati haina dawa, subiri ipite.

Umeme ukikatika

Laptopu yenye betri nzima na saundikadi ya USB hazitajua kilichotokea. Weka programu ijihifadhi kila dakika 5. Hatari ni pale umeme unaporudi kwa kishindo: tumia frijigadi kwenye kebo ya soketi, inachelewesha kurudi kwa umeme dakika chache na kukata volti zikizidi. Nakala ya pili iwe kwenye diski ya nje. Traki moja ya biti 24 kwa 48,000 ni megabaiti 8.6 kwa dakika. Traki 8 za dakika 5 ni kama 346, si mzigo.

Unapofika dukani

Laptopu ya yuzidi inayofaa ni ya Intel kizazi cha 8 na kuendelea, RAM ya gigabaiti 16, SSD (diski) ya gigabaiti 512. RAM 8 inatosha kwa kurekodi sauti tupu, lakini si kwa ala za kompyuta, kwa hiyo uliza kama inaongezeka. Lenovo T480 ina nafasi mbili za RAM na betri ya nje inayobadilishwa; HP EliteBook 840 G5 pia hufunguka kirahisi. Ila usiamini jina la modeli, kwa kuwa modeli moja huweza kuja na prosesa za vizazi viwili. Soma namba mwenyewe. MacBook Air M1 ya 2020 haina feni, jambo zuri sana kwa anayerekodi chumba kimoja na kompyuta, lakini RAM yake haiongezwi kamwe.

Mwombe muuzaji wa Darajani au Chake Chake akuruhusu kufanya mambo matatu. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, usome uwezo wa betri ilipokuwa mpya na ulio nao sasa. Ikiwa chini ya asilimia 60, omba upunguziwe bei ya betri mpya. Chomeka saundikadi yako kwenye kila tundu la USB na uitikise kidogo. Kisha, draiva ya ASIO ikiwa imewekwa, rekodi dakika kumi kwa bafa ya 128, tano ukiwa kwenye chaja na tano kwenye betri, ukisikiliza kwa hedifoni zako mwenyewe. Hakikisha chaja unayopewa ina plagi ya pini tatu za bapa, na kwamba tundu la ethi kwenye chaja yenyewe si pambo la plastiki.